Laini ya namna gani?

Siku baba aliporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya kupigwa kiharusi, Februari mwaka jana, nilikabidhiwa kadi yenye orodha ya dawa na, chini kabisa, maneno matatu ya kalamu ya bluu: "Apewe chakula laini." Dawa zilinitia hofu, nyingine hata kuzitamka sikuweza. Lakini hilo la chakula nilishusha pumzi. Nauza vitambaa hapa Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, na neno "laini" nalitamka tangu nafungua duka hadi nafunga. Nilijua laini ni nini.

Jioni ile nikapika wali, nikauongeza maji mpaka ukalegea kabisa, nikaumwagia mchuzi mwepesi wa nyama. Kijiko cha kwanza baba akakohoa. Cha pili akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikampa maji ayashushe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: alikohoa kwa muda mrefu, na alipotulia sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu anayeongea huku koo limejaa maji. Mama aliniondolea bakuli mkononi bila kusema neno. Usiku huo sikulala, nilikuwa nasikiliza kifua chake.

Siku tatu baadaye tulipata mtaalamu wa mambo ya kumeza, binti mdogo kwa umri lakini mwenye utulivu wa mtu mzima. Alimwamkia baba, akamwomba ruhusa ya kumshika shingo wakati anameza, kisha akanigeukia mimi. "Huo wali, dada, ulikuwa laini ya namna gani?"

Nikajibu laini tu, laini sana.

Akasema kwa Kiingereza kwamba shida iko kwenye "texture" ya chakula, kisha akanyamaza akitafuta neno la Kiswahili. Mkono ukatangulia ulimi: akasugua kidole gumba na cha shahada hewani, vilevile kama wateja wangu wanavyosugua kitambaa kabla ya kuuliza bei. Neno halikuja. Nikataka kumsaidia, mimi ninayeishi kwa kuvisifia vitambaa, nikajikuta nasugua vidole na mimi.

Basi akaeleza kwa njia ndefu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza baba ulimi na koo upande mmoja. Maji ni mepesi, yanakimbia, yanafika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa, yanaingia mapafuni. Kwa mgonjwa wa aina hiyo glasi ya maji inaweza kuwa hatari kuliko bakuli la uji mzito. Wali wangu nao ulikuwa na makosa mawili kwa pamoja: punje zinazotawanyika mdomoni, ulimi uliolegea hauwezi kuzikusanya, na mchuzi mwepesi unaotangulia kuteremka wakati punje bado zinazungushwa. Kila punje ilikuwa laini. Mlo mzima ulikuwa mtego.

Alitutolea kipimo kinachotumika kimataifa, kinaitwa IDDSI, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 7. Ngazi 0 ni maji matupu, 7 ni chakula cha kawaida cha kutafuna. Baba alipangiwa ngazi 4 kwa chakula na 2 kwa vinywaji. Kinywaji unakipima kwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe: unalijaza, unakiachia kitiririke kwa sekunde 10, unasoma kilichobaki. Ikibaki kati ya mililita 4 na 8, hiyo ni ngazi 2. Chakula kinapimwa kwa vyombo vya jikoni. Chota kwa kijiko: kinatakiwa kikae na umbo lake. Inamisha kijiko: kinatakiwa kianguke chote kwa mara moja, kijiko kibaki karibu cheupe. Kikigoma kuanguka, kinanata mno, kitamkwama kooni. Kikichuruzika, ni chepesi mno. Na mgonjwa akipata nguvu akapandishwa ngazi ya 5, vipande visizidi milimita 4, ambayo ndiyo nafasi iliyopo kati ya meno ya uma wa kawaida. Nilirudi nyumbani nikatazama uma wetu kama kitu nilichokuwa sijawahi kukiona.

Tuliokolewa na mtori. Mtori kwetu ni chakula cha mzazi, mwanamke aliyejifungua; mama alishaupika kwa kila mjukuu, na sasa akaupika kwa mumewe. Nilikwenda Kiboriloni kununua ndizi mshare mbichi, tukajipaka mafuta viganjani ili utomvu usitugandie, tukamenya, tukachemsha ndizi pamoja na mifupa ya ng'ombe hadi zikaiva za kubonyea. Nyama tukaitoa yote. Mama akaponda kwa mwiko, mimi nikachuja kwa chujio la nyaya, kwa sababu ndizi hata ikiiva vipi ina nyuzinyuzi katikati na zile mbegu nyeusi ndogo ambazo mtu mwenye afya hazioni kabisa mdomoni mwake. Baba angeziona.

Ile kazi ya kuchuja na kupima kwa kijiko ilinifundisha vitu ambavyo nilikuwa navijua bila kujua kwamba navijua. Mtori ukiwa wa moto unatiririka, ukipoa unakaza. Bakuli lililopita mtihani wa kijiko saa saba kamili, saa saba na nusu lilikuwa linang'ang'ania. Kwa hiyo nilianza kupima mara mbili, mwanzo na katikati ya mlo, na kando nilikuwa na kikombe cha supu ya moto iliyochujwa ya kulegezea. Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Nikimlisha kwa kijiko kilekile kinachoingia mdomoni na kurudi bakulini, mtori wa mwishoni ulikuwa unageuka majimaji. Mama akasema, "Si ndivyo uji wa mtoto unavyofanya? Ni mate." Kweli ni mate: yana kimeng'enya kinachovunja wanga, kidogo tu kinatosha. Tukaanza kugawa kwenye vibakuli vitatu vidogo ili mate yasiharibu mlo mzima. Hakuna kadi iliyotuambia hivyo. Mama alikuwa na elimu hiyo kwa miaka arobaini, ilikuwa inasubiri mtu aulize swali linalohusika.

Tangu hapo lile neno la yule binti, "texture", limenikaa kichwani. Nimelifuatilia kadiri ya uwezo wangu. Kiingereza kimelitoa kwenye Kilatini, kwenye kitenzi "texere", maana yake kufuma. Humo humo ndimo lilimotoka neno lao la nguo ya kufumwa na neno lao la matini, yaani maandishi. Mwanzoni lilikuwa neno la kitambaa tu: namna nyuzi zilivyopishana. Baadaye likatoka nje ya kitambaa, likaenda kwenye udongo, kwenye miamba, kwenye chakula, kwenye muziki, kwenye rangi za picha, na siku hizi hata kwenye michezo ya kompyuta, ambako ni ile picha inayovikwa juu ya umbo tupu ili ukuta uonekane wa matofali na ngozi ionekane ngozi.

Nilipofika kwenye kufuma nikatabasamu peke yangu dukani. Sisi pia tulifuma neno kutoka kwenye uzi: kufuma, mfumo. Ila mfumo wetu ulihamia serikalini na benki. Ukisema "mfumo uko chini" kila mtu anajua hutolewi pesa leo. Na fasihi ilichukua kusuka: shuleni tulifundishwa msuko wa matukio, hadithi inasukwa kama mkeka au kama nywele. Sioni kwamba tumepungukiwa. Mababu walikuwa na mikono iliyosuka, lugha ikaufuata mkono.

Kazini kwangu nimeona vizuri kwa nini neno la kufuma lilistahili kubeba maana hiyo. Chukua pamba ileile, uzi uleule. Ukiufuma moja juu moja chini, mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za kukatiza, vikipishana kila hatua, unapata kitambaa kikavu cha shuka la kawaida. Ukiufuma uzi uruke juu ya nyuzi nne ndipo uzame chini ya moja, unapata satini, inateleza mkononi na kung'aa, wakati pamba haijabadilika hata kidogo. Ukiusokota uzi kupita kiasi kabla ya kufuma, unapata krepe, yenye vijipele vidogovidogo ambavyo macho hayavioni vyema lakini kidole kinavihesabu. Mahameli nayo ina manyoya yaliyosimama: paka mkono kuelekea chini, inakubali, rudisha mkono juu, inakataa, na rangi inakoza. Mteja akiniambia anataka kitambaa laini, siku hizi namuuliza swali la yule binti. Laini ya kuteleza? Ya kubonyea? Ya kulegea, kwamba ukikishika katikati kinaanguka chenyewe? Au laini ya kutokuwasha mwili? Hivyo ni vitambaa vinne tofauti, na fundi atakulaumu ukikosea.

Nusu ya mauzo yangu sasa ni ya simu. Mteja yuko Dodoma au Singida, anaona picha, anaandika: "Kikoje mkononi?" Picha haimsaidii. Namwandikia, na hapo ndipo nilipogundua utajiri tulionao. Kiingereza kina neno moja kubwa la kutaja jambo lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kwa kila tendo la mkono. Tunapapasa kitambaa, tunatomasa parachichi, tunafinyanga udongo, tunabonyeza mkate, tunachezea unga. Na kitu chenyewe nacho tunakipa kitenzi chake, tunaeleza kinavyoujibu mkono: kinateleza, kinanata, kinaparuza, kinakwaruza, kinawasha, kinabonyea na kurudi, kinavutika, kinamumunyuka, kinamong'onyoka. Nikimwandikia mteja "kinabonyea lakini hakivutiki", ameshakishika akiwa Singida.

Halafu kuna lile la kurudia neno. Hili nalipenda kuliko yote. Maji ni maji, lakini kitu cha majimaji si maji, kina tabia ya maji. Unga, ungaunga. Mafuta, mafutamafuta. Nyuzi, nyuzinyuzi. Chenga, chengachenga. Jina la kitu linatamkwa mara mbili na kinachobaki ni hisia yake kwenye vidole au kwenye ulimi. Mtoto wa miaka mitatu anaijua kanuni hii: mpe embe bovu atakwambia "lina majimaji", na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mwaka ule wa mtori tulizungumza hivyo jikoni kutwa nzima. "Bado una chengachenga." "Umekuwa gundigundi." Hilo la pili sijui kama liko kwenye kamusi yoyote, lakini mama alilisema na mimi nikaongeza supu.

Kuna mwalimu mmoja, mteja wangu, alinishauri nitumie "mguso" badala ya "texture". Nimelijaribu neno hilo kwa heshima yake. Linafaa kwa kitambaa, kwa kiasi. Kwa mtori halifai, maana mguso unaanza na kuishia juu ya ngozi, na mambo ya chakula yanatokea wakati kinavunjika, kinazungushwa, kinakusanyika, kinateremka. Isitoshe mguso kwetu umeshakwenda moyoni. Wimbo wenye mguso ni wimbo unaoliza.

Wakulima hawana shida hii hata kidogo. Darasani tulikaririshwa aina tatu za udongo: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Watu wa maabara wanazitenganisha kwa ukubwa wa chembe. Mchanga unaanzia milimita 0.05 hadi 2, na chembe za mfinyanzi ziko chini ya milimita 0.002, hazionekani kwa macho. Kaka yangu hana maabara. Analima kihamba chetu cha Kibosho, yaani shamba la migomba la nyumbani, na shamba la mahindi huko chini tambarare, na akikodi kipande kipya anachota udongo, anautemea mate au anaulowesha kwa maji ya chupa, anaukanda kiganjani, anauviringa, kisha anausukuma kwa gumba utoke kama utepe. Wa kichanga hautoi utepe, unamwagika. Wa mfinyanzi unatoa utepe mrefu kupita sentimita 5 kabla haujakatika, na huo anajua utapasuka kiangazi na kushika jembe masika. Wa kihamba, udongo wa volkano uliolishwa samadi na majani ya migomba vizazi kwa vizazi, unakaa katikati. Tifutifu. Lisikilize neno lenyewe, limeshatifuka kabla hujamaliza kulitamka.

Wanajiolojia wanalitumia neno lao kwa mawe, wakimaanisha ukubwa na mpangilio wa fuwele ndani ya jiwe. Lava iliyopoa haraka ina fuwele ndogo, iliyopoa polepole ina kubwa. Kileleni Kibo, juu ya Kilimanjaro, kuna mawe yenye fuwele za umbo la almasi ya karata zilizokaa ndani ya ujiuji wa kijivu, kwa sababu zile kubwa zilikuwa zimeshaanza kukua chini kabla lava haijatoka na kuganda. Wapagazi wanayafahamu kwa macho na kwa soli za viatu.

Na muziki. Kanisani kwetu kwaya inaimba sauti nne, na kuna mahali sauti zote zinaungana kwenye noti moja, halafu zinaachana. Tofauti ya pale zilipoungana na pale zilipoachana, wenye elimu ya muziki wanaiita kwa neno hilohilo la kitambaa. Sisi tunasema sauti nzito, nyembamba, kavu, nyororo, ya mkwaruzo: maneno ya mkononi yakifanya kazi masikioni. Wala si ajabu, kwa sababu Kiswahili hakijawahi kuweka ukuta mkubwa hapo. Tunasikia wimbo, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Kitenzi kimoja kinabeba sikio, pua na ngozi.

Nimemfikiria sana baba kwenye jambo hili la kusikia. Mkono wake wa kulia ulipoteza nguvu, na pia ulipoteza hisia. Unaweza kumwekea chochote kiganjani akifumba macho, hajui ni nini. Mkono huo ndio uliokuwa kipimo cha kahawa ya nyumba yetu. Kahawa ikishamenywa kwenye mashine inabaki na utelezi juu ya ganda, unaivundika tenkini mpaka utelezi ule uachie. Ukiiosha mapema, utelezi unabaki na kuchachia kwenye kichanja. Ukichelewa, kahawa inapata uchungu wa kuoza na bei inakufa. Siku hazina kanuni, maana kwenye joto inaweza kuwa tayari kwa siku moja, na kwenye baridi ya Julai inasogea hadi ya pili au ya tatu. Baba hakuwahi kutumia saa. Alizamisha mkono tenkini, akatoa konzi, akaisugua kati ya viganja.

Agosti mwaka jana kaka alivundika debe za kwanza za msimu. Baba alikuwa ameshapanda hadi ngazi ya 5, anakula ndizi za kuponda na nyama ya kusaga iliyolowekwa mchuzi mzito, na maneno yalikuwa yanamrudia moja moja. Tulimtoa na kiti chake mpaka karibu na tenki. Kaka akachota konzi, akaielekeza mkono wa kulia kwa mazoea ya miaka yote, kisha akasita. Baba mwenyewe akanyoosha wa kushoto.

Akazisugua juu ya paja, maana kiganja cha pili hakikuweza kusaidia. Uso ukawa makini kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Bado," akasema. "Inateleza."

Tukafunika. Kesho yake alfajiri, ukungu ungali migombani, tukamtoa tena. Safari hii alisugua kwa muda mrefu zaidi, akanipa ishara nilete mkono wangu, akazimimina kiganjani kwangu na kunifumba vidole. Nikasugua. Zilikuwa zimeacha kuteleza. Zilishikana na kukataana, kama kokoto ndogo za mtoni, na zilitoa mlio.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia, baba. Inakwaruza."

Akamgeukia kaka. "Osheni."